Barua ya wazi kwa Baba Paroko na Kamati Tendaji: taarifa ya mwaka ianzie jumuiyani

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, Katibu, Mhazini na wajumbe wote wa Kamati Tendaji,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mkutano mkuu wa mwaka wa parokia yetu umeshaanza kutangazwa baada ya Komunyo, na matangazo yamesisitiza mambo mawili: tufike mapema, na tusisahau mchango wa chakula. Kuhusu taarifa zitakazosomwa siku hiyo hatujasikia kitu. Ombi langu ni moja, na halihitaji fedha: taarifa ya mwaka, ya fedha na ya huduma, ishushwe jumuiyani, yaani kwenye vikundi vidogo vya waamini majirani, wiki mbili kabla ya mkutano. Tuisome huko, tuijadili huko, halafu tuje ukumbini tukijua tunachokuja kuuliza.

Baadhi yenu mtasema ningepita kwa mwenyekiti wa jumuiya, kisha kanda inayounganisha jumuiya kadhaa, kisha ndiyo nifike kwenu. Nimepita. Jumuiya yetu ilipeleka hoja hii kanda, kanda ikaipandisha, ikarudi na jibu kwamba itajadiliwa kwenye mengineyo. Anayevijua vikao vyetu anajua mengineyo ni wapi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 212, inatambua kwamba waamini wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa, na kuwaeleza waamini wenzao pia, mradi walinde heshima kwa wachungaji. Heshima hiyo naishika. Humu sitasema kwamba mtu ameiba, kwa sababu siamini kama kuna aliyeiba.

Nianze na mkutano wa mwaka jana, kwa faida ya waliokuwa kazini siku ile.

Tulitoka misa ya pili jua limeshakuwa kali. Ukumbi ulijaa hadi vijana wakasimama madirishani. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, ikapangwa maua na chupa za maji, na mbele ya kila kiti paliwekwa nakala ya taarifa yenye jalada la bluu. Nakala hizo ziliishia hapo hapo meza kuu. Sisi wengine tulisomewa. Mhazini wetu, mtu mwema na mwenye subira, alisoma mbio mbio kama ilivyombidi, maana ratiba ilikuwa imeshachelewa: zaka kanda ya kwanza, lengo, makusanyo, asilimia, kanda ya pili, lengo, makusanyo, asilimia. Spika ya upande wa kushoto ilikuwa inakoroma. Mama mmoja mbele yangu alikuja na daftari na kalamu. Akaandika tarakimu mbili tatu, akaachwa nyuma, akalifunga daftari na kulirudisha kwenye pochi. Usomaji ulipokwisha mwenyekiti akauliza, "Taarifa imepokelewa?" Tukaitikia kwa sauti moja, "Imepokelewa!" Na kweli tuliipokea, kwa masikio.

Likaja swali la kwanza, la ujenzi. Likajibiwa kwamba ufafanuzi umo kwenye taarifa. Taarifa iko meza kuu. Swali la pili halikufika mwisho, kwani mwenyekiti alitazama saa akasema muda umetutupa mkono, yaliyobaki yaletwe ofisini kwa maandishi. Kabla ya hapo tulikuwa tumefanya mnada wa jogoo na mkungu wa ndizi, na jogoo yule, nasema bila utani, alipewa muda mrefu kuliko maswali yote ya wajumbe. Tulipofika kwenye mengineyo harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia ukumbini, na mwanadamu ni mwanadamu. Mzee mmoja alisimama akataka kuzungumzia wagonjwa ambao hawajapelekewa Komunyo kwa muda mrefu. Akaombwa afupishe. Alifupisha mpaka akakaa.

Nakala ya taarifa nilikuja kuiona baadaye, kwa hisani ya rafiki. Imeandikwa vizuri, na hesabu zake zinajumlika. Lakini humo ndani kuna fungu linaloitwa matumizi mengineyo, na fungu hilo ni kubwa kuliko fungu la Caritas, yaani kuliko kila kitu tulichotumia kwa wajane, wagonjwa na watoto wasio na ada. Huenda kuna maelezo mazuri tu: pengine ni matengenezo ya gari, pengine ni ugeni wa Askofu wakati wa Kipaimara, pengine ni bili ya umeme iliyowekwa mahali pasipo pake. Maelezo hayo yangetolewa kwa dakika tano kama kuna mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyeona.

La pili ni paa la kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia yetu. Tulichangishwa kwa ajili ya bati, na bahasha ziliandikwa hivyo: bati la kigango. Watu walitoa, wengine kwa kuacha mambo yao. Kwenye taarifa bati halipo. Kuna mstari mmoja wa ujenzi, na ndani yake vimechanganywa paa, uzio, vyoo na ukarabati wa nyumba ya mapadri. Yawezekana fedha za bati zipo benki zinasubiri zitimie. Yawezekana ziliazimwa kumalizia uzio na zitarudishwa. Vyote viwili vinaelezeka, na watu wazima wanaelewa. Ila masika yalipokuja, waamini wa kigango walisali chini ya turubai, lile lile tunalofunga misibani. Maji yalituama katikati na turubai likaning'inia kama tumbo, hadi wanaume wawili wakasimama wakati Injili inasomwa, wakalisukuma kwa fimbo za ufagio kutoka chini ili maji yamwagikie nje. Yakamwagikia kwaya. Walioloa siku ile walichangia bati, na ninyi mnakwenda kuwaomba tena mwaka huu.

Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa ajili ya lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa waweke vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na waandae taarifa ya usimamizi wao kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inakwenda mbele zaidi: hesabu ya kile ambacho waamini wamelitolea Kanisa itolewe kwa waamini wenyewe, kwa taratibu za mahali. Na kamati ya fedha ya parokia haikuachiwa utashi wa mtu. Kanuni ya 537 inasema kila parokia iwe nayo. Papa Fransisko naye alipolipeleka Kanisa zima katika safari ya Sinodi kuanzia mwaka 2021, hati ya mwisho iliyopitishwa Oktoba 2024 ilizungumzia waziwazi uwazi, uwajibikaji na tathmini. Kwa hiyo si kweli, kama alivyodai mjumbe mmoja, kwamba ninachoomba kimetoka kwenye siasa za mjini.

Najua pia, kabla hamjanikumbusha, kwamba kanuni ya 536 inalipa baraza la kichungaji sauti ya ushauri tu, na kwamba mwenye neno la mwisho parokiani ni Paroko. Sipingi. Lakini mtu akiombwa ushauri juu ya jambo asilolisoma, atashauri nini? Ataitikia "imepokelewa" aende akale.

Kuna hoja nyingine niliyoisikia, na hii iliniumiza kidogo: kwamba watu wa jumuiyani hawana uwezo wa kusoma hesabu, watachanganyikiwa, watazua maneno. Jamani. Akina mama hawa hawa wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1972, ndio wanaoendesha vikoba mitaa yote hii. Nendeni mkawaone siku ya kikao. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wasioishi nyumba moja. Likifunguliwa, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, hisa za kila mmoja zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake, aliyekopa anasimama kusema amebakiza kiasi gani, na faini ya kuchelewa inalipwa hapo hapo hata ukiwa mwenyekiti. Bibi ambaye hakumaliza darasa la nne anakumbuka kwa kichwa salio la kikao kilichopita, na likipungua kwa shilingi mia tano kikao hakiendelei. Leo tunaambiwa mtu huyu hawezi kuelewa kurasa mbili za mapato na matumizi ya parokia yake?

Ya taarifa kusambaa kwenye makundi ya simu, ni kweli itasambaa. Mwaka jana haikutolewa, na bado zilisambaa tarakimu, tena za kubuni. Mlitumia Jumapili nzima kuzikanusha.

Fedha nimezisemea vya kutosha. Linalonikera zaidi kwenye taarifa ile ni ukurasa wa huduma, maana huo ndio unaotuhusu sisi kama watu.

Ukurasa wenyewe ni mfupi. Waliobatizwa, waliopata Komunyo ya kwanza, Kipaimara, ndoa zilizofungwa, waliofariki, basi. Hivi ndivyo vitabu vya parokia vinavyotunza, na ni sawa, kanuni ya 535 inavidai. Lakini hakuna kitabu cha waliorudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Nitawapa mfano mmoja. Mama mmoja anauza chai na chapati kwenye kibanda karibu na kituo cha daladala. Alikuja mjini kutoka Mbinga, akiwa na barua ya paroko wa kwao, aliyoifunga kwenye nailoni ikakaa kati ya vitenge isiloe. Alipotaka kumbatiza mtoto wake alikwenda ofisini, akaulizwa kadi ya jumuiya. Hana. Akaambiwa aanzie jumuiyani. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama jumuiya nyingi za mji huu, na saa hiyo ndiyo chapati zinageuzwa na mafundi ujenzi wamepanga foleni. Akiacha kibanda asubuhi moja amepoteza kodi ya wiki. Alijitahidi kuja, akaondoka katikati ya Rozari, na kwenye daftari la mahudhurio akaandikwa hajakaa hadi mwisho. Alipoomba barua, viongozi wetu walimwambia, kwa upole kabisa, kwamba bado hawamfahamu vizuri. Sasa hivi anasali kwenye kanisa la maturubai lililo ng'ambo ya barabara, ambako walimpokea Jumatano mchana akiwa bado na unga mikononi.

Katibu wa ofisi hakukosea, alifuata utaratibu. Na utaratibu wenyewe una maana yake: bila jumuiya, parokia yenye maelfu ya watu haimjui mtu, na mtoto atabatizwa bila yeyote wa kumfuatilia. Mimi mwenyewe ni mtu wa jumuiya hadi kwenye mifupa. Ila sikilizeni: mama huyu hayumo mahali popote kwenye taarifa ya mwaka. Hakubatizisha, hakulipa zaka, hakufa. Wapo wangapi kama yeye? Mlinzi anayetoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, muuguzi wa zamu, konda, dada wa kazi asiyeruhusiwa kutoka Jumamosi, kijana wa bodaboda aliyepewa pikipiki ya mkataba. Mji huu unaendeshwa na watu ambao saa zetu za jumuiya haziwatoshi.

Na wanazidi kuwa wengi. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya milioni moja, na wengi wa wanaokuja wanaanza kwa kupanga. Mpangaji wa Dar analipa kodi ya miezi sita, akishindwa kulipa inayofuata anahamia mbele zaidi, leo Mbagala, kesho Chamazi, kesho kutwa Chanika. Kila anapohama anaanza upya: jumuiya mpya, kadi mpya, michango aliyoikuta njiani, na swali la "zaka ya mwaka jana ulilipa wapi?" Wengine huhama mara moja au mbili, halafu wanaacha.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 chini ya umoja wao wa AMECEA wakaamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo ndiyo kazi ya kwanza ya kichungaji, huku kwetu mtu alijulikana na nyumba yake. Zilikuwa enzi za balozi wa nyumba kumi, na jirani alijua kama moto wa jirani umewaka. Jumuiya ilisimama juu ya ujirani uliokuwepo tayari. Leo kuna geti, kuna nyumba ya vyumba kumi na wapangaji kumi wasiosalimiana, na jumuiya ndiyo inatakiwa iutengeneze huo ujirani. Kazi imegeuka, lakini daftari tunalolitumia ni lile lile la mahudhurio.

Sitaki mtu aseme nimeikashifu jumuiya, kwa hiyo niseme na hili. Siku jirani yangu alipofiwa na mumewe usiku, kabla hata ndugu hawajapatikana kwenye simu, watu wa jumuiya walikuwa wameshafika. Aliyekuja na turubai, aliyekuja na sufuria kubwa, aliyefungua daftari la rambirambi na kukaa nalo mlangoni mpaka asubuhi. Mwili ulisafirishwa kwao kwa fedha ya jumuiya, na wanajumuiya wawili wakapanda kwenye gari hilo hilo hadi makaburini. Serikali haina huduma hiyo, na hakuna bima inayofanya hivyo. Watu hutania kwamba wengine tunasali jumuiya ili tusikose wa kutuzika. Utani huo una ukweli, na wala sioni aibu yake. Aibu ninayoiona ni kwamba huduma hii, ambayo ndiyo hasa maisha yetu kama parokia, haikupata hata mstari mmoja kwenye jalada lile la bluu, wakati kila chupa ya divai imeandikwa. Na kwa upande wa pili wa jambo hilo hilo, mpangaji asiye na kadi akifiwa anaanza kubembeleza. Kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili, kama vile kanuni ya 848 inavyotaka wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Katekista wetu anayajua haya. Baadhi ya viongozi wa jumuiya, kwa bidii yao ya kukusanya zaka, hawayajui.

Baba Paroko, kanuni ya 529 inakutaka uwajue waamini wako, uzitembelee familia, na uwatafute kwa namna ya pekee maskini, wanaoteseka, wapweke na walio mbali na nchi zao. Tunajua huwezi peke yako. Una vigango, una misa, una vikao vya dekania, na paroko msaidizi mmoja mwenye pikipiki mbovu. Ndiyo maana tunataka kusaidia. Tukiletewa taarifa jumuiyani na ndani yake kuna ukurasa unaouliza nani amehamia, nani amepotea, nani hajafikiwa, sisi ndio tutakaoujaza, kwa sababu sisi ndio tunaoishi nao.

Kanisa lilianza hivi hivi. Matendo ya Mitume, sura ya sita: idadi ya wanafunzi inaongezeka, wajane wa Wayahudi wanaosema Kigiriki wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wananung'unika. Mitume hawakusema manung'uniko hayo yaletwe ofisini kwa maandishi. Waliwaita wanafunzi wote, wakaieleza shida ilivyo, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie jambo hilo. Agenda ya mkutano ule ilikuwa moja tu, nayo ni watu waliosahauliwa kwenye orodha.

Sasa utekelezaji. Kurasa tatu zinatosha: mbili za fedha na moja ya watu. Zile za fedha zionyeshe kila mchango wenye lengo maalumu kwa jina lake, umeingia kiasi gani, umetoka kiasi gani, umebaki wapi. Na matumizi mengineyo yavunjwe. Kila jumuiya ipewe nakala moja ya karatasi, maana si wote wenye simu za kufungulia mafaili. Jumamosi moja isomwe badala ya matangazo marefu, na jumuiya iandike maswali yasiyozidi matatu na kuyafikisha kanda. Kanda ziyaunganishe yanayofanana. Siku ya mkutano mhazini asisome chochote, ajibu tu, na wajumbe wa kamati ya fedha wakae karibu naye wamsaidie, asisulubiwe peke yake. Mengineyo yawe ya pili baada ya yatokanayo. Mnada uwe baada ya chakula, jogoo hataharibika. Na vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wapewe nafasi ya kutoa taarifa yao wenyewe badala ya kusomewa na mlezi, hata kama wataikosea.

Kuhusu saa za jumuiya, hilo nadhani Kamati Tendaji mnaweza kulimaliza bila hata mkutano mkuu. Kila kanda iwe na jumuiya moja inayosali jioni katikati ya wiki, na mtu aruhusiwe kuhudhuria huko bila kuhamishwa kadi. Viongozi kadhaa niliozungumza nao wanaafiki. Wanasubiri kuambiwa kwamba wameruhusiwa.

Muda bado upo. Tangazo la Jumapili ijayo likiongezwa sentensi moja, kwamba nakala zitapatikana kwa viongozi wa jumuiya tarehe fulani, itakuwa imekwisha. Jumuiya yetu haikutaka kusubiri, imeshaandika maswali yake, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi ninayaweka hapa ili msishtukizwe. La kwanza: fedha za bati la kigango ni kiasi gani, ziko wapi, na fundi ataanza lini kabla ya masika mengine? La pili: ndani ya matumizi mengineyo kuna nini? La tatu: ni familia ngapi zimehamia katika mitaa yetu mwaka huu na hazijatembelewa na mtu yeyote wa parokia, na nani atapewa kazi ya kwenda? Kwa hilo la tatu tumeanza kuhesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, na yule mama wa chapati ndiye wa kwanza kuandikwa. Orodha itakuwa kwa katibu wa kanda Jumamosi hii baada ya jumuiya.

Wenu katika Kristo,

Mwanajumuiya,
Temeke, Dar es Salaam